Foleni ya Mchumi Tumanov

Haya, lile tangazo. Najua mmekaa nalo kooni wiki nzima, na kuna msomaji mmoja aliyenipigia simu kuniuliza kama nina roho ya binadamu. Ninayo. Tuendelee.

Kwa waliokosa gazeti: Ijumaa ile ya Septemba, saa tatu asubuhi, mchumi wetu Gleb Rodionovich Tumanov alipanda ngazi za Nyumba ya Utamaduni ya Krasnoluzhsk, funguo mkononi, tai shingoni, tayari kuendesha mnada wa kiwanda cha buti za sufu. Mlangoni akakuta karatasi. MNADA UMEAHIRISHWA MPAKA MWAKANI. Chini yake kulikuwa na jina la aliyeidhinisha.

Jina lenyewe lilikuwa lake.

Gleb aliibandua karatasi ile kwa kucha.

"Mimi sijaandika hii!"

"Lakini mwandiko ni wako," alisema Faina Yegorovna, karani wake, akiisogeza karibu na miwani. "Mpaka ule mkia wa mwisho. Kazi nzuri. Aliyeghushi hii amesoma."

"Faina Yegorovna, unamsifu mwizi?"

"Nasifu mwandiko."

Mama huyu alikuwa amekaa miaka thelathini katika ofisi ya mipango na kuwazika wakubwa watano, wawili kwa maana halisi. Gleb alikuwa wa sita, na Faina alikuwa ameshaanza kumhurumia.

"Wafanyakazi wameliona?"

"Wote. Halafu wamepanda malori."

"Malori gani?"

"Ya viazi."

Gleb alikaa kwenye ngazi. Hapo hapo akaelewa kila kitu.

Mkurugenzi wa kiwanda, Pankrat Ilyich Zavyalov, alikuwa amewapa wanawake wake mia tatu siku ya mapumziko na malori matano ya bure waende kuchimba viazi vyao, kilomita ishirini na tano nje ya mji. Na hakuna mtu wa Krasnoluzhsk anayekataa lori la bure la viazi mwezi wa Septemba, hata kama nyumba yake inaungua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kwenye uchungu. Serikali ilikuwa imempa kila raia vocha moja, mtoto mchanga na ajuza sawasawa. Siku ya mnada unaleta vocha yako, unaandika jina la atakayekuwa mwenye hisa, unatumbukiza kwenye sanduku. Saa kumi kamili sanduku linafungwa na kiwanda kinagawanywa kwa vocha zilizomo. Zikija elfu moja, kinagawanywa kwa elfu. Ikija moja tu, mwenye moja anachukua kiwanda kizima na bomba lake la moshi.

Na shemeji yake mkurugenzi, Edik, alikuwa na gunia.

Mnamkumbuka Edik, yule wa koti jekundu. Alikuwa amezunguka kwa walevi wa wilaya nzima akibadilisha chupa kwa vocha mpaka akafikisha vocha mia tisa. Mpango wake aliutangaza mwenyewe kwenye bafu la umma, mbele ya watu walio uchi: akikichukua kiwanda Ijumaa, Jumamosi anakifunga, Jumatatu ni ghala la pombe. Wanawake mia tatu wangekaribisha majira ya baridi wakiwa mtaani.

"Nakwenda huko viazini," Gleb aliruka. "Nipe baiskeli yako."

"Huwezi. Afisa akiondoka ukumbini, mnada ni batili."

"Nani amesema?"

"Wewe. Ukurasa wa kumi na mbili."

Ilikuwa kweli. Gleb alikuwa ameandika kanuni za mnada mwenyewe, kurasa arobaini, na alijivunia kila mstari.

* * *

Saa nne mkurugenzi alikuja kumtembelea. Pankrat Ilyich alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na chini ya kwapa alikuwa na konyaki.

"Gleb Rodionovich, mpenzi wangu! Mbona umekaa peke yako kama bwana harusi aliyetorokwa?"

"Wewe ndiye uliyebandika lile tangazo."

"Mimi? Mimi nilikuwa nagawa malori. Nina huruma, ndiyo kasoro yangu." Aliiweka chupa mezani. "Edik atakuja saa tisa na nusu, hana haraka. Mtamaliza, tutakunywa, na wewe nitakutafutia kazi. Mtu msomi kama wewe anaweza kuhesabu makreti."

"Ondoa chupa yako kwenye meza ya serikali."

"Serikali!" Pankrat alicheka mpaka machozi. "Miezi sita unatuhutubia na grafu zako. Wangapi walikuja?"

Walikuwa wakija saba. Watatu kati yao walilala, na wanne walikuja kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto.

Msidhani alikuwa mjinga. Kule Moskva alikuwa mwalimu mwenye shahada ya juu, na tasnifu yake ya kurasa mia nne ilihusu namna ya kukomesha foleni nchini. Foleni aliichukia kwa moyo wote. Mama yake alimzaa akitoka kwenye foleni ya samaki. Ndiyo maana alipoitwa serikalini aliacha chuo siku ile ile, akaja kuanzisha ulimwengu mpya ambao mtu ataingia dukani, atanunua, atatoka. Na huu ulikuwa mnada wake wa kwanza. Ukiharibika, ubaoni tena, chaki mkononi.

Pankrat aliondoka akipiga mluzi. Chupa aliiacha.

* * *

Saa tano Faina Yegorovna alitoka nje kubandika tangazo jipya, la kweli. Alikuwa na nyundo mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, kikapu chake cha nyuzi begani, na misumari mitatu midomoni. Alisimama akiupa mtaa mgongo, uso umeelekea mlango uliofungwa.

Mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa alipunguza mwendo. Akamtazama. Akamsogelea.

"Wa mwisho ni wewe?"

Faina, na misumari ile, angejibu nini? Aliguna.

"Basi mimi niko nyuma yako," alisema yule mwanamke, akasimama.

Msumari wa kwanza ulipoingia, nyuma ya mbwa walikuwa wanne. Msumari wa tatu ulipoingia walikuwa kumi na saba, na wawili walikuwa wameshagombana.

Faina alirudi ndani taratibu, akafunga mlango, akauegemea.

"Gleb Rodionovich. Kuna foleni."

"Ya nini?"

"Hawajui."

"Wamesoma tangazo?"

"Tangu lini watu wakasoma tangazo la serikali? Wa mbele wanasema ni sukari. Wa katikati wanasema soseji. Wa nyuma wanasema buti za Kifini, na mmoja amekwenda kumwita dada yake."

Gleb alichungulia dirishani. Ilikuwa foleni kamili, yenye mkia na kona. Adui yake wa maisha.

"Usiwaambie kitu," Faina alinong'ona. "Waache wajae. Ukitamka neno ubinafsishaji tu, watapotea kama moshi."

"Siwezi kuwadanganya."

"Hujadanganya. Umenyamaza."

"Faina Yegorovna, watu hawa wamedanganywa tangu walipozaliwa!" Na kabla hajamshika koti, mchumi wetu alikuwa ameshafungua mlango.

Kila shingo ilimgeukia.

"Ndugu zangu," alisema Gleb, "hapa hakuna sukari. Hakuna soseji. Tunachogawa ni hisa za kiwanda cha buti. Mnahitaji vocha zenu."

Mtu wa nyuma aligeuka kuondoka. Wa pili akafuata. Faina alifumba macho.

Ndipo mzee mmoja mrefu, Vsevolod Kuzmich, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliponyosha mkono kama darasani.

"Kila mtu anapata ngapi?"

"Inategemea," alisema Gleb. "Mkija wachache, kila mmoja anapata nyingi. Mkija wengi, kila mmoja anapata kidogo."

"Kwa hiyo haziwatoshi wote?"

"Tukizungumza kiuchumi, kadiri idadi ya washiriki inavyoongezeka, ile sehemu ya..."

"Kijana. Zinatosha au hazitoshi?"

Gleb alikuwa mkweli kupita kiasi.

"Hazitoshi."

"HAZITOSHI!" Neno lile lilipita kwenye foleni mpaka konani, likarudi. Wale wawili waliokuwa wakiondoka walirudi mbio, wakakuta nafasi zao zimeshaliwa.

"Vocha yangu iko wapi? Katya! Kimbia nyumbani, iko chini ya godoro!"

"Nishikie nafasi, nakwenda na kurudi!"

"Mmoja asichukue mbili! Tuwekeane utaratibu!"

Vsevolod Kuzmich alitoa daftari na kalamu ya wino wa buluu. Nusu saa baadaye kila mtu alikuwa na namba kwenye kiganja, na mzee yule alikuwa na mamlaka zaidi kuliko gavana. Miezi sita ya grafu, jamani, na kumbe neno lilikuwa moja tu.

* * *

Saa sita dereva mmoja wa malori alirudi mjini kuchukua magunia ya ziada, akaiona foleni. Alirudi viazini bila magunia.

"Nyumba ya Utamaduni wanatoa kitu!" alipiga kelele toka dirishani. "Na hakitoshi!"

Glafira, msimamizi wa wakandaji wa sufu, aliinua mgongo. Mwanamke huyu alikuwa amekanda sufu ndani ya maji ya moto miaka ishirini na tano, na mikono yake mnaweza kuifikiria wenyewe.

"Wanatoa nini?"

"Kiwanda chenu, wanasema."

"Si wameahirisha?"

"Watu mia mbili wamesimama, Glafira. Mia mbili hawasimami kwa kitu kilichoahirishwa."

Glafira alitupa jembe.

"Wasichana! Ndani ya malori!"

"Mkurugenzi ametukataza kurudi kabla ya saa kumi na mbili," alisema dereva wa lori la kwanza.

Glafira alimshika ukosi, akamteremsha kwa upole, akamweka juu ya rundo la viazi. Kisha akashika usukani mwenyewe.

Saa nane walishuka mbele ya Nyumba ya Utamaduni, matope mpaka magotini. Waliokuwa na vocha mabwenini wakazikimbilia. Halafu wakataka kuingia.

"Namba?" aliuliza Vsevolod Kuzmich.

"Namba gani, babu? Hiki ni kiwanda chetu!"

"Ninyi ni mia mbili arobaini na kuendelea. Nyosha kiganja."

"Nimekikandia sufu miaka ishirini na tano!"

"Nami nilikufundisha kugawanya miaka minne, Glafira, na hukujua. Nyosha kiganja."

Foleni nzima ilicheka. Glafira alinyosha kiganja.

Ndani, Gleb aliona mishale ya saa ikikimbia. Meza moja haingetosha. Alivua koti, akaburuta meza za mchezo wa dama kutoka chumba cha pili, meza moja ikawa sita. Waandikao haraka waliitwa kusaidia kuandika. Gleb aliandika, aligonga mihuri, alimtuliza mbwa, aliandika tena. Jasho lilimtoka, na katikati ya jasho lile aligundua kwamba alikuwa anaimba.

* * *

Saa tisa na nusu koti jekundu lilitokea. Nyuma yake vijana wawili wenye shingo nene walibeba gunia.

"Nini hii?" Edik aliuliza.

"Foleni," alisema Vsevolod Kuzmich. "Namba?"

"Mzee, mimi ni Edik."

"Edik ni mia tano na sitini na moja. Nyosha kiganja."

Vijana wa shingo nene walisogea mbele. Na hapo lilitokea jambo ambalo haliwezekani kuelezwa kwa mtu ambaye hajawahi kusimama kwa saa nne miguu ikiwaka moto. Foleni haikupiga kelele. Iligeuka tu, yote kwa pamoja, ikawatazama. Vijana walikumbuka kwamba mama zao walikuwa humo, wakaliweka gunia chini.

Pankrat alikuja akihema. "Mimi ni mkurugenzi!"

"Mia tano na sitini na mbili."

Ndani, Faina alijumlisha. "Wa kiwanda wote wameshapita. Sandukuni kuna vocha mia nane na sitini, pamoja na za jamaa walizoleta."

"Na gunia lina mia tisa," alisema Gleb. Tabasamu lilimpotea. Gunia likiingia kabla ya saa kumi, zaidi ya nusu ya kiwanda ni ya Edik, na kazi yote ya siku ile ni bure.

Saa kumi kasoro dakika kumi. Edik alikuwa nyuma ya watu hamsini, hana njia. Akatupa macho huku na huku. Ghafla uso wake ukang'aa.

Mlangoni kabisa, zamu yake ikifuata, alisimama bibi kizee mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Akulina Savvishna. Mkandaji mstaafu wa sufu, mama mkwe wa Pankrat na mama mzazi wa Edik.

"Mama! Mamangu! Nipitishie gunia!"

"Gunia la nini?"

"Vocha. Unaziweka, unaandika jina langu, basi!"

"Hairuhusiwi!" Glafira alifoka.

Wote walimtazama Gleb. Naye, masikini, kanuni alizijua kwa moyo. Ukurasa wa tisa: mtu aweza kuleta vocha za jamaa zake, kiasi chochote.

"Inaruhusiwa," alisema kwa taabu.

Glafira alimtazama kwa namna ambayo mwanamume haisahau.

Mafurushi tisa ya vocha mia mia yalipita juu ya vichwa mpaka mezani. Bibi Akulina alikaa, akavaa miwani, akachukua kalamu. Pankrat alikuwa ameshapenya mpaka dirishani na konyaki ameifungua.

"Andika Edik kwa jina lake kamili, mama, Eduard! Herufi kubwa!"

"Najua kuandika. Bwana afisa, jina lako nani?" bibi alimuuliza Gleb.

"Gleb Rodionovich Tumanov. Nakusikiliza, bibi."

"Na utasema nini kuhusu hili?"

"Afisa haruhusiwi kumshauri mtu." Gleb aligeuza uso ukutani, kama kanuni zilivyotaka.

Kalamu ilikwaruza. Ilikwaruza muda mrefu. Bibi alikunja karatasi, akaitumbukiza pamoja na mafurushi yote. Saa ya ukutani ikagonga kumi.

"Lifungwe!" alisema Gleb.

Faina alilipiga sanduku lakiri.

"Fomu ya mwisho isomwe!" Pankrat alidai, glasi mkononi. "Tusipoteze muda."

Faina aliinua nakala ya fomu iliyobaki mezani. Aliisoma. Akaivua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Vocha mia tisa," alisema polepole. "Mwenye hisa: Gleb Rodionovich Tumanov."

Glasi ya Pankrat ilianguka.

"Mama!" Edik alilia kutoka mlangoni. "Mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana nakujua," alisema Bibi Akulina. "Ningeandika jina langu, jioni ungekuja kulia magotini mwangu mpaka nikupe. Nina moyo wa mama, mimi. Kwa hiyo nimempa huyu kijana. Amesema ukweli mchana kutwa mpaka nimemwonea huruma. Kiwanda hakifungwi. Haya, nani ananisaidia kusimama?"

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walilia, mbwa alibweka, Vsevolod Kuzmich alirusha daftari juu. "Mwenye kiwanda wetu!" Glafira alinguruma, na mikono ile ya miaka ishirini na tano ikamzoa Gleb miguu na mabega, wakaanza kumrusha hewani kama watu wanavyomrusha bingwa.

"Nishusheni!" Gleb alipiga kelele. "Ukurasa wa thelathini na nane! Hamjui nilichokiandika!"

Hawakumsikia. Alikuwa ameandika, kwa mkono wake, kwamba afisa atakayejipatia hisa katika mnada anaousimamia akamatwe siku hiyo hiyo.

Aliporushwa mara ya kwanza, alifika usawa wa dirisha la juu, akaona mtaa. Pankrat Ilyich alikuwa anavuka barabara, kurasa za kanuni mkononi, akicheka peke yake.

Mara ya pili, aliona mlango wa ofisi ya mwendesha mashtaka, ng'ambo, ukifungwa nyuma ya mgongo mnene.

"Juu zaidi!" walishangilia wanawake.

Mara ya tatu walimrusha juu kuliko zote, na Gleb akauona mlango ule ukifunguka tena. Pankrat alitoka wa kwanza. Nyuma yake walikuja watu wawili wa sare, na mmoja wao alikuwa ameshatoa pingu.